Ridhaa Bila Jina: Maadili ya Kuwaonyesha Wafu Makumbushoni

Katika dini na mila nyingi za wanadamu maiti hana nafasi ya kudumu miongoni mwa walio hai: huoshwa, huvikwa, huombewa, kisha huondolewa machoni, na hata pale ambapo desturi huruhusu acheleweshwe, ucheleweshaji huo una mwisho unaojulikana. Maonyesho ya miili iliyohifadhiwa kwa plastiki, ambayo tangu mwaka 1995 yamezunguka katika miji mikubwa ya Asia, Ulaya na Marekani, yameuvunja utaratibu huo kwa namna mpya, kwa sababu yamemweka maiti mbele ya umma kwa muda usio na kikomo, kwa kiingilio, na kwa hoja kwamba yeye mwenyewe alikubali. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba mzigo wote wa utetezi, kwa kuwa waandaaji na hata wengi wa wakosoaji wao wamezoea kulifanya suala zima kuwa suala la karatasi: saini ikipatikana onyesho ni halali, isipopatikana ni haramu. Makala hii inadai kwamba ridhaa, pamoja na ulazima wake, haitoshi, na kwamba kuna kitu kingine ambacho maonyesho haya humvua maiti kabla hata ya kumvua ngozi, nacho ni jina lake.

Mbinu inayotumika huitwa plastinesheni, na ilibuniwa mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Heidelberg na Gunther von Hagens, mwanaanatomia wa Kijerumani, yaani mtaalamu wa muundo wa mwili. Kwanza maiti hudungwa fomalini katika mishipa ya damu ili asioze. Kisha mafundi huchukua muda mrefu kumchuna ngozi na kuondoa mafuta, wakiacha misuli, neva na mishipa ionekane. Halafu mwili hutumbukizwa katika asetoni iliyopozwa chini ya nyuzi sifuri, ambayo huchukua mahali pa maji ya mwilini, na baadaye katika asetoni ya vuguvugu inayoyeyusha mafuta yaliyosalia. Hatua iliyo kiini cha kazi hufanyika ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ambamo asetoni huchemka na kutoka kama mvuke, huku silikoni ya majimaji ikivutwa kujaza nafasi inayoachwa. Kabla silikoni haijakakamaa, mwili hupangwa mkao kwa nyaya, sindano, vibanio na vipande vya sponji, ndipo hugandishwa kwa gesi. Mwili mmoja mzima huweza kuchukua saa 1,500 za kazi, na kinachotokea ni kitu kikavu kisicho na harufu, ambacho kwa sehemu kubwa ni plastiki, lakini ambacho umbo lake, hadi kwenye nyuzi za misuli, ni la mtu fulani aliyeishi.

Onyesho la kwanza kubwa lilifanyika Tokyo mwaka 1995, na lilipofika Mannheim, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1997, viongozi wa makanisa walipinga huku watu laki kadhaa wakipanga foleni kuingia. Wanachokikuta watazamaji wa maonyesho haya si maiti waliolazwa mezani. Mmoja ameketi mbele ya ubao wa sataranji, fuvu lake limefunguliwa ubongo uonekane, na neva za mgongo zimefunuliwa kana kwamba zinashiriki katika kufikiri hatua inayofuata. Mwingine amesimama akiwa ameishika ngozi yake mwenyewe kama mtu aliyevua koti, mkao ulioigwa kutoka katika michoro ya anatomia ya karne ya 16. Mwanamke mjamzito amejilaza kwa ubavu, mkono mmoja nyuma ya kichwa kwa mtindo wa wanawake wa michoro ya mafuta ya Ulaya, na tumbo lake limekatwa wazi ili kijusi kionekane. Mtazamaji hujifunza mengi kuhusu neva, ngozi na mji wa mimba, na haifai kulikana hilo. Hata hivyo sataranji haifundishi anatomia, wala mkono uliowekwa nyuma ya kichwa haufundishi uzazi; vitu hivyo vimeongezwa na msanii, na tangu hapo maiti ameacha kuwa mfano wa mwili wa binadamu akawa mwigizaji katika tamthilia asiyoiandika. Kuhusu kijusi, hata hoja ya ridhaa hukwama, maana yeye hakuwahi kuulizwa na hakuwa na namna ya kuulizwa.

Ni haki kwanza kueleza kwa nini ridhaa imepewa uzito mkubwa hivi, kwa sababu historia ya anatomia bila ridhaa ni historia ya kuwanyang'anya wanyonge. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1752, iliamuru wauaji walionyongwa wakabidhiwe kwa wapasuaji kama adhabu ya ziada, na miili hiyo ilipopungukia mahitaji ya vyuo, wezi wa makaburi walijaza pengo, hadi Burke na Hare wa Edinburgh walipoona mwaka 1828 kwamba kuua ni rahisi kuliko kufukua. Sheria ya Anatomia ya mwaka 1832 ilikomesha biashara hiyo kwa kuruhusu vyuo vichukue maiti wasiodaiwa na ndugu, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa mafukara waliofia katika nyumba za maskini. Jeremy Bentham, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta manufaa kwa wengi, alikufa wiki chache kabla ya sheria hiyo kukamilika, akiwa ameusia mwili wake upasuliwe mbele ya hadhira na mifupa yake ivalishwe nguo zake mwenyewe na kuketishwa kitini. Hadi leo ameketi ndani ya kabati la kioo katika Chuo Kikuu cha London kiitwacho UCL, akiwa na kichwa cha nta. Tajiri wa mawazo alijitolea, na maskini akatolewa.

Mantiki ya sheria hiyo ilisafiri pamoja na dola ya Uingereza, na haijafa. Vyuo vingi vya tiba barani Afrika, vikiwamo vya Afrika Mashariki, bado hutegemea maiti wasiodaiwa kutoka vyumba vya kuhifadhia maiti vya hospitali za umma, na Sheria ya Anatomia ya Kenya ni mtoto wa moja kwa moja wa ile ya Waingereza. Mwanafunzi wa udaktari wa Nairobi na mtazamaji aliyekata tiketi New York hawako katika hali moja, kwa kuwa wa kwanza ana haja ya dharura na wa pili ana udadisi. Lakini wote wawili wanaweza kujikuta mbele ya mtu ambaye kosa lake pekee ni kufa bila wa kumdai. Kampuni ya Marekani iitwayo Premier, iliyoendesha maonyesho ya kushindana na yale ya von Hagens, ilipata miili yake China, na mwaka 2008, baada ya uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, ilikubali kuwatangazia watazamaji kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa miili hiyo si ya wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo.

Ufaransa ndiko mahakama zililikabili jambo hili kwa kina zaidi, na njia iliyopitiwa na kesi ina funzo kuliko hukumu yenyewe. Mwezi Aprili mwaka 2009 jaji wa Paris aliamuru onyesho la miili ya Kichina lifungwe, akisema kwamba mahali ambapo sheria imempangia maiti ni makaburini. Mahakama ya rufaa ikakubali lifungwe, lakini kwa sababu tofauti, yaani kwamba waandaaji hawakuthibitisha asili ya miili wala ridhaa ya wenyewe. Na tarehe 16 Septemba 2010 mahakama ya juu kabisa ikaacha suala la ridhaa kando na kusema kwamba kuonyesha maiti kwa lengo la biashara kunapingana na kanuni ya sheria ya mwaka 2008 kwamba heshima ya mwili haikomi na kifo na kwamba mabaki ya mtu sharti yatendewe kwa staha. Kwa maneno mengine, katika miezi 17 nchi moja ilitoa majibu matatu: kosa ni kumweka maiti mahali pasipo pake, kosa ni kumchukua bila idhini, kosa ni kumfanyia biashara. Jibu la kwanza linamfungia hata Bentham. La pili linamruhusu yeyote mwenye fomu. La tatu lina nguvu, ila halielezi kwa nini onyesho lisilotoza kiingilio lingeweza pia kumfedhehesha mtu.

Nyuma ya majibu hayo kuna swali la mwenye mwili. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alifundisha mwaka 1689 kwamba kila mtu anamiliki nafsi yake, na watetezi wa maonyesho huichukua kauli hiyo kama hati ya umiliki, wakisahau kwamba Locke huyohuyo alimwona binadamu kuwa kazi ya mikono ya Mungu asiye na ruhusa ya kujiangamiza. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za mahakama badala ya bunge, iliweka kanuni ngumu zaidi: maiti si mali ya mtu yeyote, na aliye naye ana wajibu wa kumzika tu. Kanuni hiyo ilitobolewa tundu mwaka 1908, pale Mahakama Kuu ya Australia ilipoamua kesi ya Doodeward dhidi ya Spence, iliyohusu mtoto mwenye vichwa viwili aliyezaliwa mfu na kuhifadhiwa katika chupa na daktari, na ambaye, baada ya kuuzwa mnadani, alikuwa akionyeshwa kwa malipo. Iliamuliwa kwamba mwili uliotiwa kazi na ujuzi unaweza kugeuka kitu cha kumilikiwa. Ukizisoma zile saa 1,500 za plastinesheni kwa mwanga wa hukumu hii, utaona kwamba kila saa ya kazi ya fundi humsogeza marehemu mbali na kaburi na kumkaribisha ghalani.

Mahakama za Kenya ziliifuata kanuni ya kutomiliki maiti hadi mwisho wake katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 huko Nyalgunga, Siaya, baada ya mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager kushindana mahakamani miezi mitano. Mjane alidai kwamba marehemu alitaka azikwe karibu na Nairobi. Mahakama ilishikilia kwamba matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake hayawafungi walio hai na kwamba mila ya Waluo ndiyo inayotawala. Hukumu hiyo ilikosolewa sana kwa kumnyima sauti mwanamke na mwenza wa ndoa, na ukosoaji huo ni wa haki; lakini ilisimamia ukweli ambao falsafa ya ridhaa huupita bila kuutazama, kwamba anayekufa huacha mwili wake katikati ya watu ambao nao wana wajibu juu yake, na wajibu huo haufutwi na saini ya mtu mmoja.

Uislamu unalisema hilo kwa lugha ya amana. Mwili ni wa Mola, mja amekabidhiwa, na kumuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu unaoiangukia jamii nzima hadi baadhi yao wautekeleze. Ipo hadithi mashuhuri inayolinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai, na wanazuoni walioruhusu upasuaji wa maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari au kuchunguza jinai wamefanya hivyo kwa mlango wa dharura, ambayo daima hupimwa kwa kiasi chake: haja inapokwisha, ruhusa nayo hukoma na maiti hurudi kwenye haki yake ya kuzikwa. Kwa kipimo hicho mchezaji sataranji amevuka mpaka mara mbili, kwanza kwa kutumika pasipo dharura, na pili kwa kutumika pasipo mwisho. Ukristo una utata zaidi, kwa kuwa Kanisa Katoliki, ambalo mwaka 2016 lilikataza majivu ya wafu kutawanywa au kugawanywa, ndilo pia lenye miili ya watakatifu ndani ya vioo. Lakini mtakatifu ana jina, ana siku yake katika kalenda, na watu humjia kwa sala. Mchezaji sataranji hujiwa kwa tiketi na watu wasiojua aliitwa nani.

Epikuro wa Ugiriki ya kale angeuliza ni nani hasa anayedhurika hapa, maana kwake kifo kikiwapo sisi hatupo, na asiyekuwapo hawezi kuvunjiwa heshima. Aristotle hakuridhika na jibu jepesi kama hilo, kwani aliona kwamba mambo ya watoto na sifa ya mtu huendelea kumgusa kwa kiasi fulani baada ya kufa. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, ndiye anayelipa suala hili umbo lenye manufaa zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akaeleza kwamba aliyekufa hubaki ndani ya Sasa maadamu wapo waliomjua wanaomkumbuka kwa jina, naye huwa mfu aliye hai. Anapokufa wa mwisho wa kumtaja, huzama katika Zamani pamoja na wengi wasio na majina. Wanazuoni wengine wamemlaumu Mbiti kwa kuyakusanya mataifa mengi chini ya nadharia moja, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo nadharia yake inaonyesha hali ya ajabu ya mwili wa plastiki: hauko katika Sasa, kwa kuwa hakuna anayeutaja, wala haujaruhusiwa kuzama katika Zamani, kwa kuwa bado unatazamwa. Waandaaji wa maonyesho ya von Hagens husema yametembelewa na zaidi ya watu milioni 50, na kati ya hao hakuna aliyeambiwa amekutana na nani.

Kutotajwa huku kwa majina hutetewa kama heshima kwa faragha ya wafadhili, yaani waliojitolea miili yao, na huenda wengi wao walikutaka. Lakini kunaidhoofisha hata ile ridhaa inayosemwa kuwa ngao. Mwaka 2004, kabla ya onyesho la von Hagens kufunguliwa katika Kituo cha Sayansi cha California, Los Angeles, mtaalamu wa maadili alitumwa Ujerumani kulinganisha fomu za ridhaa na vyeti vya vifo. Alikuta karatasi zinalingana, ila hapakuwa na njia ya kutoka kwenye karatasi fulani hadi kwenye mwili fulani, kwa sababu nyaraka zilitenganishwa na miili. Mtu wa nje hana budi kuamini kwamba jumla ya fomu na jumla ya miili vinatoka kwa watu walewale. Ridhaa ni uhusiano wa mtu mmoja na jambo moja, na pale isipoweza kuambatanishwa na mtu huyo hugeuka takwimu ya ghala.

Afrika Mashariki ina mifano miwili inayoyapima madai haya kwa ukali. Huko Kalenga, Iringa, fuvu linaloheshimiwa kuwa la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua Julai 1898 badala ya kukamatwa na Wajerumani, limewekwa katika jumba la kumbukumbu ambamo wageni hulitazama. Mkwawa hakutia saini popote. Kichwa chake kilikatwa na adui, kikatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambacho kwa mzaha wa historia kinataja pia msahafu wa Khalifa Uthman, na kikarudishwa mwaka 1954 na Gavana Twining wa Tanganyika, aliyekichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kupima uwiano wa upana na urefu wa mafuvu na kuulinganisha na wa jamaa zake. Wapo wanaotilia shaka kwamba ndilo fuvu lenyewe. Hata hivyo onyesho la Kalenga halimfedheheshi mtu, kwa sababu anayelionyesha ni mwenye msiba, na anayeonyeshwa anaitwa kwa jina. Hali ni kinyume kabisa kwa zaidi ya mafuvu 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda, yaliyokusanywa enzi za ukoloni na ambayo bado yamo mikononi mwa taasisi za Berlin, huku wazao wa Mangi Meli, chifu wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900, wakiendelea kukitafuta kichwa chake. Mafuvu hayo hayaonyeshwi kwa mtu yeyote, na bado yamedhulumiwa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Huko Murambi, kusini mwa Rwanda, miili ya waliouawa mwaka 1994 katika shule ya ufundi ilifukuliwa, ikahifadhiwa kwa chokaa na kulazwa juu ya meza za mbao katika vyumba vya madarasa, watoto wakiwa na watu wazima, mikono mingine ikiwa bado imeinuliwa usoni. Hawakukubali, na wengi wao hawajulikani kwa majina, kwa hiyo kwa kipimo cha ridhaa na kwa kipimo cha jina onyesho hilo lingeanguka. Wapo Wanyarwanda wanaotaka wazikwe. Walioamua kuwabakiza, hata hivyo, walifanya hivyo kama ushahidi dhidi ya wanaokana mauaji ya kimbari, na ni lazima kukiri kwamba hapa jina limepotezwa na muuaji, wala si na mwonyeshaji, ambaye anafanya kila awezalo kumrudisha marehemu miongoni mwa watu wake. Tofauti kati ya Murambi na chumba cha sataranji ni kwamba kwenye chokaa kutokuwa na jina ni sehemu ya uhalifu unaoshtakiwa, na kwenye silikoni ni sharti la mkataba.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, dawa si kuyafunga maonyesho yote. Mfadhili aliyetaka kutumikia elimu baada ya kifo chake anaweza kutimiziwa nia yake kwa masharti ambayo baadhi ya shule za tiba tayari hujiwekea: nyaraka zisizotenganishwa na mwili, mkao usiozidi haja ya somo, jina au angalau maisha yake kusimuliwa pale familia inaporidhia, na tarehe ambayo baada yake mwili huzikwa au huchomwa kwa ibada inayohudhuriwa na waliomtumia. Waandaaji watasema kwamba masharti hayo yangeharibu biashara, na pengine ni kweli, kwa kuwa mtazamaji aliyeambiwa kwamba mchezaji sataranji alikuwa fundi saa mwenye wajukuu angeona vigumu kumpiga picha.

Jina likijulikana, madai nayo huwezekana. Charles Byrne, Mwairishi aliyekuwa na urefu wa mita 2.31, aliwaomba rafiki zake wamzike baharini ili wapasuaji wasimpate, na alipokufa London mwaka 1783 akiwa na umri wa miaka 22, mpasuaji John Hunter alimnunua kwa siri. Mifupa yake ilionyeshwa kwa karne mbili, na ni Januari 2023 tu ambapo Jumba la Makumbusho la Hunter, likijiandaa kufunguliwa upya, lilitangaza kwamba haitaonyeshwa tena, ingawa itabaki mikononi mwake kwa ajili ya utafiti wa maradhi ya kimo. Mahali pake palitundikwa picha ya Hunter iliyochorwa na mchoraji Joshua Reynolds, ambamo miguu ya mifupa hiyohiyo bado inaonekana pembeni. Ni nusu ya haki, lakini hata nusu hiyo ilidaiwa na watu walioweza kusema ni nani wanayemdai, alitaka nini, na kwamba bahari ndiyo iliyopaswa kumpokea.